Mwanamkuu na Kilele cha Lihandu

Mafia hakuna mlima. Ukitaka kwenda juu, panda mnazi. Ukitaka kwenda chini, chimba kisima. Baina ya hapo sisi tunatembea sawasawa tu. Kwa hiyo ukisikia kwamba alikuwako mwanamke wa kijiji cha Kanga aliyefika juu kabisa ya Lihandu, ule mlima wa jiwe tupu uliosifika bara zima, najua utacheka. Cheka basi, wengi wamecheka. Mwenyewe hakucheka hata siku moja, na alipoulizwa kulikuwaje huko juu alijibu, "Sikuona kitu," kisha akaendelea kusuka ukili wake wa mkeka.

Jina lake Mwanamkuu binti Hemedi. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na mwendo wake wa haraka wanawake wenzake waliulalamikia njia nzima ya kisimani. "Punguza, bibi, maji hayakimbii!" Naye hupunguza hatua mbili tatu, kisha akasahau. Mumewe alikuwa Ussi, mkwezi. Katika mashamba yote ya minazi toka Kanga mpaka Utende hakukuwa na mtu wa kupanda kama yeye. Wenzake walifunga kitanzi miguuni, wakasoma dua, wakapanda wakipumzika. Ussi alipanda akizungumza. Utamsikia yuko juu kabisa anakusimulia habari za watu, na nazi zinaanguka puu, puu, huku yeye hata hajakata maneno.

Mtu mzuri alikuwa, simsingizii. Ila alikuwa hawezi kuchekwa. Umtanie kwa lolote lingine atakutania na wewe, lakini umguse kwenye ukwezi wake, basi, umejiharibia siku. Hasira zake zilikuwa moto wa kifuu: zinawaka ghafla, zinazimika ghafla, na akishatulia anakuwa wa kwanza kuomba radhi. Mwanamkuu alizijua, akazizoea, na walipendana mpaka mama yake Mwanamkuu, Bi Biubwa, alikuwa akiwaambia, "Hebu oneni haya, nyinyi. Watu wanapita."

Zama hizo ni za Wadachi, vita vya Maji Maji vimekwisha na nchi imetulia kwa kuchoka. Alikuja kisiwani mpima ardhi mmoja, Mdachi, tukampa jina Bwana Kamba kwa vile alivyoshinda akiburura kamba katika mashamba ya watu. Huyu alimwona Ussi juu ya mnazi, kauachia mkono mmoja, anapungia watu. Bwana Kamba akasimama pale kinywa wazi. Alikuwa anakwenda bara kupima nchi, na upimaji wao ni lazima wasimamishe nguzo yenye bendera juu ya milima ili waione toka mbali. Akasema mtu huyu ndiye anayemfaa. Ussi naye, sifa hizo, angekataaje?

"Akienda yeye na mimi nimo," Mwanamkuu akasema.

"Mwanangu," Bi Biubwa akamwambia, "safari ya mizigo mwanamke anakwenda kufanya nini?"

"Kumpikia mume wangu, mama. Kwani kazi yangu hapa ni ipi?"

Wakaenda. Wakavuka, wakashika njia ya miguu kuelekea machweo, wao wawili na Bwana Kamba, na Abeid wa Utende, rafiki wa Ussi, na wapagazi wa huko huko bara. Na Mwanamkuu alitembea. Wapagazi wakamstaajabia: jioni watu wazima wamelala chali wanajikanda miguu, yeye anatafuta kuni.

Halafu wakauona Lihandu. Sisi jiwe letu ni matumbawe, lina matundu, lina makali, ukilikanyaga linakukata, lakini ukilipiga linavunjika. Lile lilikuwa jiwe jingine kabisa. La kijivu, gumu, lina chembe zinazometameta, halina ufa wa kupitisha ukucha, na lilikuwa moja, toka chini hadi mawinguni, upara mtupu. Abeid alilitazama akauliza, "Hili limewekwa na nani?"

Kambi ikapigwa chini yake, penye kijito. Jioni ile Mwanamkuu akaenda kutafuta kuni, na penye kambi hapakuwa na kuni kavu. Akaona vichaka vilivyokauka juu kidogo, mahali jiwe lilipofanya kama baraza. Akapanda. Pekupeku, kaniki kaikunja, kapanda lile jiwe kama anapanda ngazi ya msikiti, akafika barazani, akageuka akawapungia walio chini.

Abeid ndiye aliyeanza, na baadaye alijilaumu mpaka kufa kwake. "Ussi!" akapiga kelele. "Kesho wewe kaa jikoni upike, mkeo atakupandia mlima!"

Kambi nzima ikaangua kicheko. Bwana Kamba akauliza kuna nini, akafasiriwa, akacheka na yeye. Ussi akatabasamu upande mmoja. Mwanamkuu akashuka na mzigo wake wa kuni, bado anacheka, na hapo akakosea. Alikosea kwa furaha tu. Akasema, "Kwani uongo? Nitakutangulia, ukifika juu unikute nimeshakupikia uji."

Wakacheka mara ya pili, na safari hii wengine walijishika mbavu.

"Mwanamkuu!" Ussi akasimama. "Wallahi, ukikanyaga kilele cha mlima huu huna mume. Talaka zako tatu!"

Kicheko kikakatika. Wale wa bara hawakuelewa, lakini Abeid alielewa, na Mwanamkuu alielewa, na Ussi mwenyewe akaelewa, nalo neno limeshatoka. Kwetu talaka ikishafungwa na sharti haifunguliki. Mwanamume hawezi kusema nilikuwa natania, hawezi kusema nimeirudisha. Inakaa pale pale inangoja, na siku sharti likitimia nayo imepita. Zote tatu, maana yake hakuna tena kurudiana, ila mwanamke aolewe na mwanamume mwingine ndoa ya kweli, akae naye, kisha huyo amwache kwa hiari yake au afe.

Ussi akaja jikoni kichwa chini.

"Nimekosa, mke wangu."

"Umekosa kweli."

"Ulimi wangu huu..."

"Ulimi wako huu ipo siku nitaukaanga." Kisha akamwonea huruma. Alikuwa hawezi kumwona amenywea vile. "Haya, keti ule. Mimi na mlima tuna biashara gani? Wewe utapanda, utashuka, tutarudi kwetu, na kwetu hakuna mlima. Hilo neno tutaliacha huku huku na mawe yake."

Wakacheka wote wawili. Wakala sahani moja, wakalala kwa amani.

Asubuhi wanaume wakapanda. Mwanamkuu akabaki anatwanga, kila mara akiinua macho, na aliwaona wakipungua kimo mpaka wakawa chembe, kisha akawapoteza. Adhuhuri mawingu yakaja upande wa pili wa mlima bila kuaga, yakafunika kilele, radi ikapiga, mvua ikamwagika. Haikupita muda mrefu wapagazi wakaanza kushuka, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Akashuka Bwana Kamba hana kofia. Wa mwisho alikuwa Abeid.

"Ussi yuko wapi?"

Abeid hakuweza kumtazama. Alimwambia kwamba Ussi alikuwa juu ya kilele anafunga bendera kwenye nguzo, mvua ikamkuta, akateleza, mguu umevunjika kwenye paja. Wao walikuwa wanamwinua radi ikapiga ile nguzo, wakaona moto kwa macho yao.

"Tulikimbia, shemeji. Sikufichi. Tulikimbia tukamwacha."

Bwana Kamba akasema kwa Kiswahili chake kwamba kesho asubuhi watakwenda kumchukua. Mwanamkuu akamtazama. Kwetu mtu akilowa, anajikausha. Baridi ya kuua mtu hatuijui. Lakini usiku uliopita alikuwa amelala chini tu ya mlima ule na meno yalimgongana mpaka alfajiri. Juu kutakuwaje?

"Kesho mtamkuta nani?" akauliza. Akachukua leso zake mbili za kujitanda na kibuyu cha uji, akajifunga kibwebwe.

"Shemeji," Abeid akasema, "kumbuka neno la Ussi."

"Nimelikumbuka kabla yako. Sitakanyaga kilele. Nitafika chini yake nimvute. Nyinyi mkipata miguu, nifuateni."

Na hivyo ndivyo alivyokusudia, wallahi. Njia nzima alikuwa akijiambia maneno hayo: kilele ni kilele, na chini yake kidogo si kilele. Jiwe limelowa, lina utelezi kama kambare, maji yanashuka juu yake kama yanayomwagwa na mtu. Alipanda kwa vidole, kwa magoti, mahali pengine kwa tumbo. Kibuyu kilimponyoka akakisikia kikigonga, kikigonga, mpaka hakusikia tena. Kucha zilimng'oka. Ukungu ukawa mzito, hana anachokiona ila jiwe lililo mbele ya pua yake, na hapo ndipo alipoanza kuita. "Ussi! Ussi wee!"

"Simama hapo hapo!"

Sauti ilikuwa karibu mno. Mwanamkuu akainua kichwa. Jiwe lilikuwa limeishia kifuani pake, mbele ni tambarare, si kubwa kupita ua wa nyumba, na katikati imesimama nguzo iliyoungua. Ussi alikuwa amelala chini yake, mguu umepinda vibaya, midomo imekuwa ya rangi ya jivu.

"Usikanyage," akasema. "Mwanamkuu, nakuomba. Hapa ndipo kilele."

"Najua. Tambaa uje."

Akajaribu, maskini. Alijiburura mpaka akapiga ukelele ambao mkewe aliusikia masikioni miaka yote. Mwanamkuu akamrushia ncha ya leso, akaishika, akavutwa kidogo, vidole vikafunguka. Akarushiwa tena. Vikafunguka tena. Basi Mwanamkuu akalala kifudifudi, tumbo juu ya kilele, miguu imening'inia nje, akanyoosha mikono yote miwili kadiri alivyojaaliwa urefu. Akajiambia kukanyaga ni kwa mguu. Tumbo si mguu, mkono si mguu. Akazigusa ncha za vidole vya mumewe. Zilikuwa baridi kama samaki. Akazigusa, lakini kuzishika hakuweza.

"Miguu," Ussi akanong'ona. "Angalia miguu yako, mke wangu."

"Imo nje. Nipe mkono. Sogea kidogo tu, kidogo hivi."

"Nimechoka. Kaa hapo hapo tuzungumze. Watakuja kesho."

"Hawatakukuta kesho!"

"Basi nife wewe ungali mke wangu."

Akaacha kutetemeka. Mwanamkuu alifikiri amepata nafuu, akamshukuru Mungu, mpaka alipomwita hakujibu. Akamwita kwa jina lake, akamwita kwa jina la mama yake, akamtukana, akambembeleza. Macho ya Ussi yalikuwa wazi nusu na mvua inaingia ndani yake, naye hapepesi.

Mwanamkuu akalia. Alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Kisha akasema bismillahi, akaweka mguu wa kulia juu ya kilele cha Lihandu, na wa kushoto akauleta.

Akamkumbatia, akampulizia pumzi kifuani, akamfunga mgongoni kwa leso kama anavyofungwa mtoto, akashuka naye kinyumenyume. Hapo ndipo ninapotaka kuwauliza wale wanaocheka: nyinyi mngeona nini? Mawingu? Bara zima lililotandazwa? Yeye alimwona Ussi tu, na alimwona kwa mara ya mwisho akiwa wake.

Chini ya kilele palikuwa na pango dogo. Akamwingiza humo, akamkausha, akamsugua, akamlalia kumtia joto. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, mvua imekatika, na chini zilisikika sauti za Abeid na wapagazi wawili wanapanda, Ussi alipofumbua macho. Akaona dari ya jiwe. Akatabasamu.

"Nilitambaa mwenyewe?"

Akageuza kichwa. Mwanamkuu alikuwa amekaa mbali naye, mlangoni pa pango, na leso ile iliyolowa tope alikuwa amejitanda, nywele zote zimefunikwa, shingo imefunikwa, vile mwanamke anavyojitanda mbele ya mwanamume asiyemhusu.

Ussi akaweka mkono usoni. Abeid alipofika mlangoni aliwakuta wote wawili wanalia, kila mmoja upande wake, hakuna anayemgusa mwenzake, akajua bila kuambiwa.

Mfupa uliunga, ukaunga vibaya. Walirudi Mafia, Ussi anachechemea na gongo lake, Mwanamkuu anatembea mbele na mizigo. Njia nzima alilala mahali pake peke yake. Na njia nzima Ussi alisema, "Twende kwa kadhi. Elimu ni pana. Haikosi mlango."

Wakaenda Chole kwa kadhi, Sheikh Sleyum, mzee mpole ambaye hakupenda kuvunja hata ndoa za watu waliochokana.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, wanangu. Ketini."

Akasikiliza yote. Akamuuliza Abeid kama maneno ndiyo hayo hayo, Abeid akasema ndiyo. Akamuuliza Ussi, "Ulikusudia kumwacha, au kumkataza?"

"Kumkataza tu, sheikh. Nilikuwa nimechekwa."

Kadhi akafikiri sana. Kisha akasema kwamba kama mume alikusudia kukataza tu, na mke akafanya lile jambo kwa kusahau, au kwa kulazimishwa na mtu, basi neno halimshiki, na ndoa ingalipo. Akamgeukia Mwanamkuu, akasema naye polepole, kama anayemlisha mgonjwa.

"Binti yangu. Mvua ile, radi ile, mume yuko taabani. Mtu husahau hata jina lake. Ulisahau?"

Chumba kizima kilikuwa kinamngoja aseme ndiyo. Kadhi alitaka aseme ndiyo. Abeid alikuwa anaitikia kwa kichwa kumwonyesha. Ussi aliegemea gongo. "Sema, Mwanamkuu," akanong'ona.

Mwanamkuu akamtazama mwanamume yule, akamtazama vizuri, maana alijua atakachojibu.

"Sikusahau, sheikh. Alikuwa akinikumbusha yeye mwenyewe."

"Yuko aliyekushika akakulazimisha?"

"Hayuko. Nilikuwa peke yangu."

Sheikh Sleyum akafumba macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama, huyu si mumeo."

Nje, Ussi alimfokea mbele za watu. "Neno moja! Umenibeba mlima mzima, neno moja limekushinda kulibeba?"

"Na tungelala vipi, Ussi, mimi najua na wewe unajua? Na tukizaa, watoto hao ni wa nani? Halafu unataka niseme nilisahau. Nilipokuwa nalia pale ukingoni nilikuwa nalilia nini, kama nilisahau? Nilijua ninachokitoa. Nikakitoa. Usiniambie niseme kwamba sikujua."

Baadaye Ussi alituma watu na ule ushauri wenu wa siku zote: atafutwe mzee mmoja, amwoe usiku mmoja, amwache, mambo yarudi. Mwanamkuu aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa maji ya kunywa, akawaambia wamwambie Ussi kwamba yeye si jembe la kuazimwa. Posa za kweli zilikuja pia, mbili tatu. Alizikataa. Hakutoa sababu, na mama yake hakumuuliza.

Kanga ni kijiji kidogo. Nyumba ya Bi Biubwa na nyumba ya Ussi zilitazamana, kisima kimoja, njia moja. Ussi hakupanda tena mnazi, alikaa barazani akisuka kamba za makumbi ya nazi, na Mwanamkuu akipita hujitanda, anasema, "Salama, Ussi?" naye anajibu, "Salama, Mwanamkuu." Ndiyo yote. Kisha watu wakamwambia Ussi kilema hawezi kukaa peke yake, wakamwoza Arafa, msichana mzuri, hana kosa lolote. Wanawake waliitwa kutwanga mchele wa harusi. Mwanamkuu alikwenda akatwanga. Shoga yake alipomwambia, "Wewe nenda kapumzike," alisema mchi unampumzisha.

Arafa akazaa watoto watatu. Mmoja aliitwa Mwanamkuu. Jina hilo Arafa mwenyewe ndiye aliyelichagua, na Ussi alitoka nje siku hiyo akakaa nyuma ya nyumba mpaka jua likachwa.

Ussi alikufa kwa homa mwaka ule Waingereza walipokitwaa kisiwa. Asubuhi Mwanamkuu aliteka maji ya kumkoshea, ndoo baada ya ndoo, akayafikisha mlangoni, wakayapokea walio ndani. Maiti ilipokwisha kuvikwa sanda, wanawake wake wakaitwa kuingia kumtazama uso na kumuaga: Arafa, mabinti, dada zake, shangazi. Mwanamkuu alikuwa ameketi kwenye jamvi la uani pamoja na majirani. Alijua sheria, hakuinuka. Ila machozi yalimshinda, yakamtiririka mpaka kifuani, akawa hayafuti.

Pembeni yake alikuwapo mama mmoja mgeni kutoka kisiwa cha Bwejuu, jamaa wa akina Arafa, hawajui watu wa Kanga. Akamwonea huruma, akamshika goti.

"Pole, mwenzangu. Wewe nani wake marehemu?"

"Jirani," akasema Mwanamkuu, akasogea kuwapisha wenye msiba wapite.